Mzungu Aliyelipwa Anyamaze

Nyinyi watoto wa mtaa wa Khuwair, mkisikia gitaa tu mnajitia wajuzi. Leo mjukuu wangu kanambia ati muziki wa bluzi zamani haukufika Maskati. Nani kakwambia? Umefika, tena umefika kwenye harusi ya mama yako, ukakaa nyuma ya kanga zangu, ukala biriani sahani mbili. Muulize baba yako Yaarub kama mie muongo. Halafu uje uniombe radhi, na uje na halwa.

Mwaka wenyewe ni sabini. Sisi tulikuwa tushakaa Matrah, ubavuni mwa Maskati, tangu sitini na nne, tulipotoka Unguja na masanduku mawili na mtoto wa miaka kumi na mbili. Mtoto ndiye Muhsina, mama yako. Mzazi wake ni marehemu dada yangu Shaikha, Mungu amrehemu, aliyefariki Muhsina bado ananyonya. Mie nikamchukua, nikamlea, nikamwogesha, nikamchapa, nikamfunza kupika mkate wa ufuta. Wa kwangu wa tumboni sikujaaliwa. Basi hilo lijue, kwa sababu ndilo lililoleta mambo yote.

Yaarub akamtaka Muhsina. Muhsina akamtaka Yaarub, akamtaka mpaka akawa anatia chumvi kwenye chai. Kijana mzuri, mpole, kapata kazi serikalini, serikali mpya ya sultani aliyeingia Julai ile. Ila ana kasoro moja kubwa, mama yake ni Sayyida.

Mie na Sayyida hatukuwa tukisema. Tangu Unguja, tangu hamsini na nane, kwenye harusi moja Vuga. Taarab inapigwa, mwimbaji kafika kwenye ubeti wa mti usiozaa. Kwetu ukiinuka kwenda kumtunza mwimbaji, ukamtia noti mkononi katikati ya ubeti, ubeti ule ushakuwa wako. Umeununua, na unamtupia umtakaye. Sayyida akainuka. Akenda pole pole, noti kaishika kwa vidole viwili, macho kwangu. Mie nna mwaka wa saba wa ndoa, sina mtoto ila huyo wa dada yangu. Ukumbi mzima ukanigeukia. Niliumia, wallahi niliumia, nikatoka na viatu vya mtu mwengine. Tangu siku ile mie na yeye salamu hakuna, hata meli moja tulipanda kuja huku, yeye kakaa mbele mie nyuma.

Sasa huyo ndiye anakuja kuwa mkwe wa mwanangu. Nikasema sawa, kwa ajili ya Muhsina nitameza. Kila kitu kikapangwa, mahari, siku, mpishi. Halafu Sayyida akamtuma Bi Mahbuba, bibi wa makamo, kiziwi wa sikio moja, na la pili halijiwezi, kuja kunambia hivi: "Bi Sayyida anasema hamwozi mwanawe kimya kimya kama watu wanaoiba kuku. Bila ala ya nyuzi na mwimbaji wa kutunzwa, harusi hakuna. Yuko binti wa nduguye Dubai, na baba yake ana santuri."

Mwanamke yule ana inda! Alijua hakuna. Mpaka Julai ya mwaka ule muziki wa hadharani ulikuwa haujaruhusiwa, mafundi wa taarab walikuwa wamebaki Unguja, wengine wamekimbilia Mombasa. Ngoma za Matrah zipo, nzuri, mie mwenyewe nazipenda, lakini yeye anataka nyuzi. Anataka mtu aimbe mpaka aumie. Kwenye chumba cha ndani nikamsikia Muhsina analia. Ulimi ukaniponyoka. "Mwambie muziki upo," nikasema.

"Mzigo?" akauliza Bi Mahbuba.

"Muziki! Upo!"

Alipotoka, ndugu yangu Mahfoudh akanitazama. Mahfoudh alikuwa karani wa kampuni moja ya mafuta, anajua Kiingereza vizuri, na ni mtu wa kutetemeka kwa jambo dogo.

"Da Kheiria, muziki uko wapi?"

"Utautafuta weye."

Akatafuta. Akaenda kwa Mzee Bakhit, mwenye udi wa kupiga, wa pekee Matrah nzima, akakuta kuku anatagia ndani yake. Mzee Bakhit akakataa kumsumbua kuku. Siku zikapita, Muhsina akaacha kula, mie nikaacha kulala, na mpishi akawa anauliza mbuzi anunue au asinunue. Mwisho Mahfoudh akarudi kutoka kazini na uso wa mtu aliyevunja sahani.

"Yuko mmoja kwenye kambi ya kampuni," akasema. "Ana gitaa. Lakini si mwenzetu."

"Ni mtu wa wapi?"

"Australia."

"Iko upande gani?"

"Chini."

Jina lake Norman Pettifer, sisi tukamwita Bwana Noman, likakaa vizuri. Mchana alikuwa akichomea mabomba ya mafuta. Lakini kazi yake hasa, kwa maneno yake mwenyewe, ni kuimba bluzi, zile nyimbo za majonzi za watu weusi wa Amerika, mtu na gitaa lake. Mahfoudh akanihadithia maisha yake huku anaona haya, kana kwamba kayaishi yeye. Miaka ishirini Noman kaimba kwao Australia. Kaimba kwenye banda la kunyolea kondoo, kondoo wakavunja ua. Kaimba ndani ya treni, wakamteremsha pasipo na stesheni. Katoa sahani moja ya santuri, mama yake akainunua, akenda nayo nyumbani, kesho yake akairejesha dukani. Popote alipoimba hakuna siku hata moja aliyofika mwisho wa nyimbo mbele za watu.

"Na sasa kachoka," akasema Mahfoudh. "Gitaa anamuuzia dereva wa lori mwisho wa mwezi."

"Mwambie asiliuze mpaka nimwoze mwanangu."

Basi akaletwa uani kwangu tumjaribu. Mrefu, mwekundu, masikio yamebabuka kwa jua, na adabu nyingi. Kavua viatu tangu barabarani, akaja anarukaruka kwa moto wa changarawe. Akakaa kwenye mkeka, akatoa mfukoni shingo ya chupa iliyokatwa, akaivaa kidoleni kuitelezesha juu ya nyuzi.

"Chupa ya nini ile?" nikamuuliza Mahfoudh.

Mahfoudh akatazama juu. "Ya bia, dada."

"Astaghfirullah! Ndani ya nyumba yangu? Kwenye harusi ya mwanangu?" Nikamnyang'anya, nikaitupa huko. Noman akanitazama kama mtoto aliyenyang'anywa uji. Nikaingia ndani, nikachukua chupa yangu ya marashi mawaridi, ya kioo kinene, Mahfoudh akaikata shingo kwa waya wa moto, nikampa. Akaijaribu. Akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Akasema hii inalia vizuri kuliko ile, na tena inanukia.

Akafumba macho, akaimba. Yallah! Sijapata kusikia mwanamme akiugua vile kwa hiari yake. Anapiga mguu chini, anavuta sauti, anaiachia, anaiokota. Maneno simwelewi hata moja. Jirani yangu Nasriya akapanda ukutani na buibui kichwani, akauliza nani kafa. Nikajua hapo hapo, huyu ndiye. Sayyida alitaka mtu wa kuumia, basi huyu kaumia kwa niaba ya Matrah nzima.

Siku ya harusi ikafika, Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Wanawake wamejaa uani, udi unafuka, Muhsina kakaa chumbani na hina yake, mlango umefungwa, funguo ninazo mie kama ilivyo ada. Noman hayupo. Alipewa gari la kampuni, akapotea mpaka Ghala, na Ghala ya siku hizo si gereji na maghala, ni mbuzi na upepo tu. Akarudi kaongozwa na mchunga mbuzi, na mchunga mbuzi naye akabaki kula.

Mwanamme hawezi kukaa mbele za wanawake, kwa hivyo nikamtundikia pazia kwenye pembe ya ua, yeye na Mahfoudh nyuma yake. Pazia lenyewe nililitengeneza kwa kanga mbili, nikazichagua mie mwenyewe, zimeandikwa MWENYE KOVU USIDHANI KAPOA. Sayyida akaingia na watu wake, kavaa dhahabu mpaka shingo haigeuki. Akalisoma pazia. Akalisoma tena. Akakaa mbele kabisa, mikono mapajani.

Noman akaanza. Wanawake wakatulia. Wa Unguja wakaanza kutikisa vichwa, wa Matrah wakawatazama wa Unguja, nao wakatikisa. Nikaanza kupumua. Ikaendelea vizuri, mpaka Sayyida akainuka.

Anakwenda pole pole, mwendo ule ule wa Vuga, noti kaishika kwa vidole viwili. Akafika, akapitisha mkono katikati ya kanga, akatia noti.

Muziki ukakatika.

Ukakatika ghafla, katikati ya neno. Uani kimya, anasikika mchunga mbuzi tu anatafuna nje ya ukuta. Halafu nyuma ya pazia tukasikia tak, tak. Noman anafunga kasha la gitaa.

Sayyida akageuka, uso umeiva kama embe. "Mnaona?" akawaambia watu, mie hanisemeshi. "Nimemtunza, kanyamaza! Miaka yote mie sijatukanwa hivi. Kafunzwa huyu. Kheiria kamfunza!" Akapiga makofi. "Leteni mabuibui. Yaarub aambiwe tunakwenda zetu. Dubai kuna watu wenye adabu."

Watu wake wakaanza kuinuka. Kutoka chumbani nikasikia sauti ya Muhsina nyuma ya mlango: "Mama? Mama, kuna nini?" Nikajifunika, nikaingia nyuma ya pazia. Noman kashika kasha lake, noti kaikunja mfukoni, anatafuta viatu.

"Muulize ana wazimu gani!" nikamwambia Mahfoudh. "Kwa nini kanyamaza?"

Mahfoudh akamuuliza. Noman akajibu kwa upole, kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. Mahfoudh akanigeukia, mdomo wazi.

"Dada, anasema kalipwa."

"Kalipwa ndiyo, sasa?"

"Kwao, ukiwa unaimba, mtu akaja akakutia hela mkononi, maana yake chukua hii unyamaze, uende kwenu. Miaka ishirini ndivyo walivyokuwa wakimlipa. Anasema nyumba ya mama yake imeezekwa kwa hela za kunyamaza. Anasema hana kinyongo, nyinyi angalau mmengoja nyimbo ya pili."

Mie hasira zikaniruka zote. "Mwambie kwetu unalipwa uendelee! Mwambie yule mama kampenda, ndio maana kainuka!"

Mahfoudh akamwambia. Noman hakuelewa. Akaambiwa tena. Akauliza kitu, Mahfoudh akaitika. Akauliza tena kile kile, Mahfoudh akaitika tena. Yule mtu mrefu akakaa chini juu ya kasha lake, akashika ncha ya kanga yangu, akajifuta uso, akapenga na kamasi. Kanga mpya! Nikamwachia. Nami machozi yalikuwa yananilenga.

Lakini Sayyida kashavaa buibui, yuko mlangoni. Nikatoka. Sasa hapo ndipo pagumu, kwa sababu alobaki wa kumzuia ni mie, na mie simsemeshi. Nikamtazama Nasriya aseme, Nasriya akatazama miguu yake. Nikamtazama Bi Mahbuba, akanipungia mkono.

"Sayyida," nikasema. "Hakukutukana. Kwao ukimtunza mwimbaji ndio unamfukuza. Miaka ishirini wanamlipa anyamaze."

Akanigeukia. "Miaka ishirini?"

"Ishirini."

"Anaimba, wanamlipa anyamaze?"

"Na mama yake karejesha sahani dukani."

"Mama yake?" Sayyida akashika kifua. "Mama mzazi? Lahaula! Mama gani huyo?" Akavua buibui, akampa mtu, akarudi pale pale mbele akakaa. "Mwambie aanze tena. Na Mahfoudh afasiri kwa sauti, nsije nikanunua nsichokijua."

Basi tukawa na taarab ambayo haijapata kutokea. Noman anaimba, Mahfoudh nyuma ya pazia anafasiri kwa sauti ya mnadi wa samaki. Na bluzi, mwanangu, ina jambo moja zuri: kila mstari unaimbwa mara mbili, halafu ndio unakuja wa tatu. Mahfoudh akanadi, "Mwenye nyumba wangu ana mdomo mpana kama mlango wa bandari!" Sayyida akainuka, akatunza, akanitazama mie. Hajakaa, mstari ukarudi ule ule, nami nikainuka, nikatunza, nikamtazama yeye. Wanawake wakapiga vigelegele. "Taarab ya haki hii!" akapiga kelele Nasriya. "Kila mtu na zamu yake!" Wakaanza kutunzana wote, jirani na jirani, wake wenza, mtu na wifi yake, foleni mpaka jikoni. Mie na Sayyida tukarushiana mwenye nyumba, tukarushiana sufuria iliyotoboka, tukarushiana mume mvivu, na waume zetu wote wawili wako nje wanakula. Nyuma ya pazia Noman kila akitiwa noti anaongeza sauti. Hakuna wa kumzuia tena.

Halafu akapunguza. Akaanza nyimbo moja ya pole pole, chupa yangu ya marashi inateleza juu ya nyuzi inalia kweli. Mahfoudh naye akateremsha sauti.

"Nilibamiza mlango kwa ghadhabu, ufunguo nikauacha ndani."

Sayyida akainuka.

Nikajikaza. Nikasema haya, huu sasa ndio wenyewe, huu ndio wa Vuga. Akenda pole pole. Akatia noti katikati ya kanga. Akageuka, akainua kidole, nami nikakitazama kinavyokuja. Hakikuja kwangu. Sayyida akakiweka kifuani mwake mwenyewe, juu ya dhahabu, akasimama hivyo hivyo mbele za watu wote.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mstari ukarudi. "Nilibamiza mlango kwa ghadhabu," akasema Mahfoudh, "ufunguo nikauacha ndani."

Sijui nani aliniinua. Nilijikuta nimesimama karibu yake, sina noti tena, nimevua bangili nimempa Noman bangili, na kidole changu kiko kifuani mwangu. Tumesimama wanawake wawili wanene, kila mmoja kajishtaki mwenyewe, machozi yanatutoka. Miaka kumi na mbili. Tulikuwa mashoga sisi, tukisukana nywele.

Ukaja mstari wa tatu.

"Sasa mbwa wangu anakula chakula changu," akanadi Mahfoudh, "ananitazama dirishani!"

Sayyida akanitazama. Nikamtazama. Na mbwa sasa ni nani? Kabla hatujaamua, Bi Mahbuba, ambaye hakusikia neno tangu asubuhi, akainuka na fimbo yake, akenda kwa madaha, akatunza, akajipiga kifua kwa fahari.

Tulicheka, mwanangu, tulicheka tukaishiwa nguvu. Nikamwegemea Sayyida, Sayyida akaegemea pazia, na pazia lina misumari miwili tu. Likashuka lote, na sie juu yake. Mayowe! Kila mwanamke anatafuta cha kujifunikia, mmoja kajifunika sinia. Mahfoudh kajiziba macho kwa mikono yote miwili na bado anafasiri. Na Noman? Noman kafumba macho tangu mwanzo, hakuona kitu, hakujua kama pazia limeanguka. Anaimba tu. Aliimba mpaka mwisho wa nyimbo, na ilipokwisha akafumbua macho, akakuta ua mzima umejaa vitambaa vyeusi vinavyompigia vigelegele. Akasimama akainama, akagonga kichwa kwenye bomba la maji.

Gitaa hakuliuza. Dereva wa lori alikasirika mno. Miezi mitatu yote iliyobaki ya mkataba wake Noman hakuna Ijumaa aliyopumzika, kaimba Matrah, kaimba Maskati, kaimba mpaka Sidab, na kote analipwa aendelee. Shingo ya chupa ya marashi kaondoka nayo. Bangili yangu pia kaondoka nayo, na hilo sikulitaka, lakini lishapita.

Lakini nilikuwa nakuhadithia harusi. Jua likaanza kuteremka, wakati wa bibi harusi kutolewa. Ada yetu, mie nimeingia chumbani na Muhsina, nimefunga mlango kwa ndani, na mama wa bwana harusi anakuja kugonga. Anatakiwa aseme kaja kumchukua nani, mtoto wa nani, na alipe ada ya mlango ndio afunguliwe. Nasriya kashanambia nidai nyingi, Sayyida ana hela. Nikashika funguo, nikajitayarisha na maneno. Akagonga.

"Nani?" nikauliza.

"Sayyida."

"Umekuja kumchukua nani?"

Mie nilikuwa nangoja jina la marehemu dada yangu. Ndivyo ilivyokuwa ikisemwa siku zote, kwenye posa, mbele za wanawake, na ndivyo ilivyo haki. Muhsina, binti wa marehemu Shaikha. Lakini Sayyida akasema kwa sauti, ua wote wasikie:

"Nimekuja kumchukua mtoto wa Kheiria."

Muhsina akanishika mkono. Nikatia funguo, haikuingia, nikatia tena. Nikafungua. Ada ya mlango sikudai hata senti, na mpaka leo Nasriya ananilaumu.